Kikombe cha Nne cha Kocha Nusret

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Kocha Nusret Karahodža anaiweka chini filimbi yake baada ya miaka ishirini na minane kwenye benchi la Jablan, klabu yetu ya mpira wa kikapu hapa Vrelo. Ukiongeza miaka aliyoivaa jezi yetu akiwa kijana, utaona kwamba mzee huyu ametokwa jasho katika ukumbi wetu tangu sakafu ikiwa ya saruji. Kamati imeniomba mimi, Mirha Omanović, katibu wa klabu, niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe hii, tena wakasisitiza niwe mfupi. Nitajitahidi, ila kumwandika Nusret kwa ufupi ni kazi, maana hata milango ya mji huu haijawahi kumtosha.

Alizaliwa papa hapa, mtoto wa fundi wa kiwanda cha ngozi. Alirefuka haraka kiasi kwamba mama yake alikuwa akimshonea vipande vya kitambaa chini ya suruali kila baada ya Bajram, Idi yetu, na watoto wa mtaa walijua umri wake kwa kuhesabu vipande. Aliingia mpira wa kikapu kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, ndio mchezo pekee ambao kugonga kichwa kwenye fremu ya mlango kunahesabiwa kuwa kipaji. Baada ya misimu mitano na Jablan alichukuliwa na timu ya Sarajevo, na huko jina lake likavuma. Hakuwa na mbio. Mwandishi mmoja wa michezo alisema Karahodža anakimbia kama mtu aliyebeba kabati mgongoni. Kweli kabisa, lakini kabati hilo likishafika chini ya kikapu hakukuwa na wa kulisogeza, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ukipeleka mpira juu ya vichwa vya watu kwa upole, kama anayerudisha kitabu kwenye rafu.

Kutoka Sarajevo alikwenda Italia, akacheza huko misimu minne. Aliheshimika. Mashabiki walimletea soseji za nguruwe kila Jumapili, naye Mwislamu wa watu akawa anazipokea kwa mikono miwili na kumpelekea mama mwenye nyumba, ambaye hakupata kuwa na mpangaji mwema kama yule. Jambo moja tu la Italia lilimshinda, nalo ni kahawa. Alilalamika kwamba watu wa kule wanainywa wamesimama, funda moja, basi wamekwenda, kana kwamba treni inawaacha. Kwa Nusret kahawa isiyokaliwa kitako si kahawa.

Vita vilipoanza mwaka 1992 alikuwa na mkataba mpya mezani. Akarudi Vrelo kumchukua mama yake. Mama akasema yeye haondoki nyumbani kwake, na asiulizwe tena. Basi Nusret naye akabaki. Katika ghala la chini la shule ya msingi alipigilia pete ya pipa ukutani, akakusanya watoto ambao wazazi wao hawakuthubutu kuwaacha nje, akaanza kuwafundisha. Mpira ulikuwa mmoja, wenye kiraka. Mwenyekiti wetu wa leo, Vedad Šiljak, alikuwa mmoja wa watoto hao, na mpaka sasa akishika mpira utaona mitupo yake haipandi juu, kwa sababu dari la ghala lilikuwa fupi. Tunamtania kwa hilo, na yeye hucheka. Shule ya watoto ya Jablan, ambayo sasa ina watoto kutoka kila nyumba ya mji huu, ilizaliwa chini ya dari lile.

Amani iliporudi akakabidhiwa timu ya wakubwa. Hapo ndipo mji ulipoijua sauti yake. Jamani, mdomo wa mtu huyu! Mlinzi aliyemwacha mpinzani apite aliambiwa kwamba angekuwa mlango, wezi wangemletea zawadi. Mchezaji aliyeng'ang'ania mpira aliulizwa mbele ya ukumbi mzima arusi ni lini. Koti lake lilitupwa mara nyingi hata mke wake, Zumra, akaacha kulishonea vifungo, akaweka zipu. Waamuzi wa ligi hii wanamjua, na wengi wamekubali mwaliko wa leo, jambo linaloonyesha kwamba Mungu ni mwingi wa kusamehe na waamuzi nao wanajifunza.

Lakini mtu huyo huyo, mwenye sauti ya kutikisa vioo, alikuwa na udhaifu mmoja ambao klabu nzima iliujua. Hakuweza kumwambia mchezaji kwamba safari yake na timu imefika mwisho. Ulimi ulimkauka. Kazi hiyo aliiachia kahawa.

Sisi wa Vrelo hatuhitaji maelezo, ila kwa kuwa leo tuna wageni wa mbali nitaeleza. Kwetu mgeni akiingia nyumbani anapewa kikombe cha kwanza, cha kumkaribisha. Baadaye kinakuja cha pili, cha mazungumzo. Akiwa bado amekaa na mwenye nyumba anataka kulala au ana shughuli zake, kinaletwa cha tatu. Hicho tunakiita sikteruša, nacho kinamfukuza mgeni bila mtu yeyote kufungua kinywa. Mgeni mwenye adabu anakinywa, anashukuru, anatafuta viatu vyake. Basi Nusret alikuwa anamwalika mchezaji nyumbani, wanaongea habari za samaki, hali ya hewa na bei ya kuni, Zumra anapitisha sinia ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu. Mchezaji akikiona kikombe cha tatu alijua. Kesho yake alikuwa anakuja ofisini kwangu kurudisha jezi, macho mekundu, na Nusret haonekani ukumbini mpaka mchana. Nilikuwa nikimwambia kwamba hiyo si haki, kwamba mtu mzima anastahili kuambiwa kwa mdomo. Yeye alikuwa ananijibu kwamba kahawa ina heshima kuliko maneno.

Njia hiyo ilifanya kazi miaka yote mpaka alipokuja Eero Kallioniemi.

Eero alitoka Ufini, jitu la watu, goti moja bovu, mpole kama ng'ombe wa maziwa. Tulimsajili kwa matumaini makubwa, na mechi zake za kwanza zilikuwa aibu tupu. Mipira ilimpita mikononi. Ukumbi ukaanza kumzomea, kamati ikasema aondoke. Nusret akamwalika nyumbani. Zumra alinisimulia mwenyewe yaliyotokea. Kikombe cha kwanza Eero alikinywa akasifu. Cha pili akakinywa akasifu zaidi. Zumra akaleta cha tatu, akakiweka mezani polepole, moyo ukimwuma, akarudi kusimama mlangoni. Eero akakimaliza. Akapangusa midomo, akamnyooshea kikombe, akamwomba kwa adabu zote, kwa Kibosnia chake cha kuvunjikavunjika, kama mama anaweza kumwongezea kingine.

Nani angemwambia? Huko kwao, kumbe, watu wanakunywa kahawa kutwa nzima kama wengine wanavyokunywa maji. Nusret akatazama dari. Zumra akarudi jikoni akawasha jiko upya, na anasema alisimama pale akijiuliza kikombe cha nne kinaitwaje, maana katika lugha yetu hakina jina. Akakipeleka hivyo hivyo. Kesho yake asubuhi, mtu wa kwanza kufika mazoezini alikuwa Eero, amefunga goti, anatabasamu.

Nusret akaja ofisini kwangu, akaketi, akashika kichwa. Akaniambia kijana hajaelewa. Nikamwambia basi nenda kamweleweshe, ukumbi ule pale, mdomo unao. Akatoka. Akasimama mlangoni mwa ukumbi akimtazama yule Mfini akiokota mipira peke yake. Akarudi akasema atamwambia kesho. Kesho hiyo ilikaa miaka kumi na mmoja, kwa sababu Eero alipata nafasi ya kupumua, goti likapona, na mikono ikakumbuka kazi yake. Kombe lililomo kwenye kabati la kioo pale mlangoni, lile moja tu tulilo nalo, alilileta yeye na wenzake. Mnapolipita leo, kumbukeni kwamba lilitokana na mtu mmoja kutojua desturi zetu.

Sasa nifike kwenye msimu huu uliokwisha. Kuna waliotaka niuruke, na mimi nikakataa, kwa sababu humo ndimo mtaona Nusret ni nani.

Novemba tulikuwa mkiani mwa ligi. Tulipoteza mechi mfululizo mpaka mke wa mwuza mikate akaacha kuniuliza matokeo, akawa ananiuliza afya. Na safari hii kushuka daraja hakukuwa suala la aibu peke yake. Manispaa ilikuwa imetamka wazi kwamba timu ikishuka, ukumbi utakodishwa kwa matumizi mengine, na shule ya watoto haitakuwa na pa kuchezea. Shule ile ile ya ghalani. Nusret alijua. Alikonda. Alianza kuja ukumbini alfajiri, akawa anaketi kwenye benchi bila kuwasha taa.

Kamati ikaamua kwamba kocha abadilishwe, na kazi ya kumwambia ikamwangukia Vedad Šiljak, mwenyekiti. Nawaomba mumwelewe Vedad. Mtu huyu alijifunza kurusha mpira kutoka kwa Nusret wakati nje kunarushwa mabomu. Angesema nini? Basi akafanya kile ambacho mtu yeyote wa Vrelo angefanya. Akamwalika nyumbani kwa kahawa, mimi nikiwemo kama katibu.

Tukaketi. Kikombe cha kwanza kikaja, tukaongea habari za barafu barabarani. Cha pili kikaja, tukaongea habari za watoto wa Vedad. Kisha Vedad akainuka, akaichukua sinia mikononi mwa mkewe, akaileta yeye mwenyewe na kuiweka mbele ya kocha wake. Hakuthubutu kumtazama usoni. Mimi nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Nusret alikitazama kikombe kwa muda, kama mtu anayesoma jina lake kwenye kaburi. Akakiinua. Akakinywa polepole mpaka kwenye machicha. Nikadhani sasa ataomba viatu vyake.

Akanyoosha mkono wenye kikombe. "Vedo, mwanangu, nimiminie kingine."

"Kocha," Vedad akasema, na sauti ilikuwa ya yule mtoto wa ghalani, "hicho kilikuwa cha tatu."

"Kuhesabu najua. Vikombe hivyo nimewanywesha wanaume wengi kuliko wewe. Ninachotaka leo ni cha Eero. Nipe mpaka Mei. Tukishuka, funguo za ukumbi nitakuletea mwenyewe, na hutahitaji kupika chochote."

Vedad akammiminia. Kahawa ikamwagika kwenye kitambaa cha meza. Nilimsindikiza Nusret mpaka kwake. Tulikuwa tumekaribia daraja aliposimama akashika ukingo. "Ile kahawa ni chungu, Mirha," akaniambia. "Miaka yote hii sikujua ni chungu namna ile." Hapo nililia, na sioni haya kuliandika. Tangu siku ile, katika nyumba ya Karahodža sinia hupita mara mbili tu. Alimwambia Zumra hivyo kabla hata ya kuvua kofia.

Januari zamu ikawa ya nahodha wetu, Kenan Ribić. Miguu ya Kenan ilikuwa imechoka, mji mzima ulikuwa ukisema aachwe, na Kenan mwenyewe alipoalikwa kwa kahawa alikwenda na jezi zake zote kwenye mfuko, zimefuliwa na kupigwa pasi, ili yaishe haraka. Akanywa cha kwanza. Akanywa cha pili. Akaketi akisubiri cha tatu, mfuko ukiwa miguuni. Hakikuja. Badala yake Nusret alikohoa, akakohoa tena, akasema kwa mdomo wake maneno ambayo hakuwahi kumwambia mchezaji yeyote: kwamba hatamwanzisha tena, kwamba dakika zake zitakuwa chache, kwamba linauma na yeye analijua, na kwamba anamhitaji mpaka mwisho. Kenan anasema alibishana naye, wakagombana, wakafokeana mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha akabeba mfuko wake akarudi nao nyumbani.

Mnajua yaliyofuata, maana karibu wote mlikuwepo. Timu iliyoanza kuambiwa ukweli ilianza pia kuusema uwanjani. Tulishinda moja, tukashinda nyingine, tukapoteza, tukashinda tena, mpaka ikabaki mechi moja, nyumbani, dhidi ya Orlovac. Tukishinda tunabaki. Tukishindwa, ukumbi unakodishwa. Zikiwa zimebaki sekunde chache tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na Nusret akamwingiza Kenan. Nilisikia watu nyuma yangu wakiguna. Kenan akapokea mpira, akaangushwa, akapewa mitupo huru miwili.

Mimi sikuutazama mpira. Nilimtazama Nusret. Alikuwa amelivua koti, nikasema haya, sasa linaruka. Hakulitupa. Alilikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti chake, akasimama mikono nyuma kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Mtupo wa kwanza ukazungukazunguka kwenye pete, ukaingia. Wa pili haukugusa chochote ila wavu. Kelele zilizofuata zilifanya vigae viwili vya paa vianguke, na fundi amekwisha kulipwa, msiniulize tena. Watoto wa shule walivamia uwanja wakamning'inia mzee wao pande zote.

Jumatatu yake alikuja ofisini. Vedad alikuwepo. Akamkabidhi funguo za ukumbi, zile zile alizoahidi kuleta kama tungeshuka. Vedad akashtuka, akasema tumebaki, Kocha, za nini tena? Nusret akasema, "Tumebaki, ndiyo maana naweza kwenda. Mimi namaliza, Vedo. Nimekuja kukwambia kwa mdomo." Wakakumbatiana pale pale juu ya meza yangu, na chai yangu ikamwagika kwenye ratiba ya msimu ujao.

Huyo ndiye tunayemuaga leo. Alitupatia kombe, alitupatia shule, aliwapa waamuzi sababu ya kwenda hija. Mwishoni, katika umri ambao wengine wanasema mti mkavu haupindiki, akajipinda mwenyewe akajifunza jambo alilokuwa halijui. Mimi najivunia kuliko ninavyoweza kuandika kwamba nilifanya kazi na mtu huyu.

Zumra, dada yangu, tunakushukuru kwa sinia zote, na kwa zipu. Mrudishe nyumbani taratibu, na akianza kuwafokea kuku jinsi ya kukaba, tupigie simu tuje kumchukua. Eero aliwasili jana kutoka kwao na pakiti za kahawa kama mizigo ya arusi, ingawa Zumra ameshaionja na kusema ni maji yaliyoona haya.

Kocha Nusret, uishi sana, magoti yakutii, na kila mlango utakaopita kuanzia leo uwe mrefu. Tukimaliza hotuba utaketi mbele, na Vedad atakuletea kahawa kwa mkono wake. Utakunywa cha kwanza, cha kukukaribisha. Utakunywa cha pili, tuongee. Cha tatu usikitafute kwenye sinia, hatukukipika. Baada ya cha pili kinakuja cha nne.